Dirishani, Ghorofa ya Juu ya Jumbo

Juzi Alhaji alituonyesha kwenye simu yake jumbo, ile ndege kubwa ya ghorofa, ikikatwa vipande. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi mbele ya duka langu la vifaa vya ujenzi, hapa Kasulu mjini, duka ambalo kama hulijui basi wewe ni mgeni, maana ndilo lenye vioo kutoka chini hadi juu. Alhaji ni jirani yangu, muuza vitambaa, asili yake Tanga. Ndege ilikuwa imeegeshwa jangwani haina injini, na mashine moja ilikuwa inauma ubavu wake na kutoka na viti mdomoni. Daktari, Mchaga aliyeletwa huku kikazi na akanogewa, aliinama kuangalia. Akasema hizo ndizo alizozipanda alipokuwa anasoma ng'ambo.

Basi yakaanza mazungumzo. Shirika lenyewe la ndege silitaji, lina wenyewe. Lakini jumbo zake halikuziacha kama zilivyotoka kiwandani. Ile nundu ya juu waliirefusha kwenda nyuma ikawa ghorofa kamili, yenye ngazi na madirisha. Na chini, sehemu ya nyuma, waling'oa viti, wakajenga ukuta, wakatoboa mlango mkubwa ubavuni. Mbele ya ukuta watu, nyuma ya ukuta mizigo. Alhaji alikwenda Hija na ndege hiyo, kiti cha mwisho kabisa, na mpaka leo anaapa kwamba nyuma ya kisogo chake kulikuwa na farasi anayepiga kwato safari nzima. Daktari anakumbuka vifaranga. Anasema walilia mpaka abiria mmoja akamwita mhudumu na kumuuliza kama injini ina shida.

Kisha wakanigeukia mimi, kwa sababu wanajua nimezipanda. Nikawaambia yangu ni ndefu, nitaiandika.

"Darasa la nne unaandika nini?" Daktari akasema.

"Wewe una vyeti," nikamwambia. "Mimi nina nyumba unayolala."

Alhaji alicheka mpaka kofia ikaanguka. Daktari kodi analipa vizuri, simsemi kwa ubaya. Na haya ndiyo niliyoandika.

Mimi nimezaliwa Titye. Baba hakuniachia kitu isipokuwa mikono. Nilianza kwa kusukuma baiskeli yenye maharage, nikanunua Fuso, ikazaa nyingine, na leo ukiona gari la mzigo limejaa mahindi kati ya Kibondo na Kasulu, uliza la nani. Fuso yangu ya kwanza niliifanyia akili ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria huku kwetu. Nyuma ya kichwa cha gari nilifunga mabenchi ya wachuuzi na turubai juu yake. Nyuma ya mabenchi nikapigilia ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta magunia na mbuzi. Kwa hiyo nilipoiona ile jumbo kwa mara ya kwanza, watu mbele na mizigo nyuma, sikushangaa kama wenzangu. Nilijiuliza tu ni nani aliyewapelekea habari zangu.

Gari hilo ndilo lililonipatia mke. Anatoka Kitahana, upande wa Kibondo, na nilimwona siku ya gulio akishusha ndizi za mama yake. Mahari nilitoa kwa wakati mmoja, bila kuomba kupunguziwa. Lakini baada ya mahari kunabaki jambo jingine, na hilo ndilo lililonifunga.

Kwetu huku Uha mkwe na mama mkwe wana haya. Humshiki mkono. Hamkai mkeka mmoja, hamli mkitazamana, na mkikutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Akitaka kukuambia neno anamtuma mtu, hata kama umesimama palepale unasikia. Kuruka miguu yake hata usiseme. Haya hiyo inaondolewa siku mkwe anapompelekea jembe jipya, wakanywa kwenye chombo kimoja mbele ya shahidi asiye wa ukoo. Kuanzia hapo anakuita mwanangu.

Wengine wanaipeleka shughuli hiyo kimyakimya, jembe limefungwa kwenye gazeti. Mimi si mtu wa hivyo. Nilitaka jembe liende Kitahana likiwa juu ya Fuso mpya, na ng'ombe, na spika kubwa, wageni walale kwenye nyumba yangu mpya ya ghorofa. Sasa nyumba ya ghorofa haiishi kama unavyodhani. Ukimaliza paa unataka vigae. Ukiweka vigae unaona ngazi ni nyembamba. Mama mkwe alisubiri mpaka watoto wangu wakaanza shule, na bado akiniona alikuwa anavuta kitenge usoni na kugeukia ukuta.

Ndipo moyo wake ukaanza kuharibika. Miguu ilivimba, alikuwa akipanda kamlima kadogo ka nyumbani kwake anakaa chini mara kadhaa. Daktari huyuhuyu wa benchi alimpima, akanieleza kwamba ndani ya moyo kuna kilango hakifungi vizuri, na akatuunganisha na hospitali ya India iliyokubali kumpasua. Alisema asipopasuliwa mapema hatavuka mvua zijazo. Nikasema gharama si tatizo, na haikuwa tatizo.

Mke wangu alikuwa na mimba kubwa, asingeweza kupanda ndege. Dada yake ndiye aliyepangwa kwenda na mama, na mimi niende kama mwenye safari, nikae mbali, dada akiwa katikati yetu kupeleka maneno huku na huku. Tukiwa tumeshafunga mizigo, viza ya dada ikakataliwa. Siku ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe.

Yeye alikataa. Mke wangu alienda kumbembeleza Kitahana, akarudi na majibu. Mama alisema afadhali afe na heshima yake kuliko kwenda India kama mwanamke aliyekaa kwapani kwa mkwe wake. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: tusikae pamoja, na heshima ikivunjika njiani, popote pale, atageuza na ndege ya kwanza, moyo ubaki ulivyo. Nilimfahamu vizuri. Huyu mama aliwahi kutembea kutoka Kasulu kurudi Kitahana kwa sababu kondakta wangu alimjibu vibaya. Alikuwa hatanii.

Ndege za mwanzo tulikwenda salama, yeye nyuma mimi mbele. Tukafika nchi ya Waarabu ambako tulipaswa kubadilisha na kupanda jumbo. Pale kaunta nikamwonyesha binti kwa kidole: juu, dirishani. Nilitaka ghorofani. Mtu anayejenga ghorofa hawezi kukaa chini. Binti akaangalia pasipoti zetu, akatabasamu, akatupa vikaratasi vya viti. Kumbe aliona tiketi zimenunuliwa pamoja, akatufanyia wema wa kutuweka bega kwa bega.

Nilikuja kugundua nikiwa nimeshakaa. Kule juu viti vilikuwa viwiliviwili. Mimi niko dirishani, mkanda nimeshafunga, najivuna, nikamwona mhudumu anamleta mama mkwe akiwa amemshika kiwiko. Akamkalisha kando yangu, upande wa njia. Akamwekea mkoba wake chini na miguu yake iliyovimba akainyoosha juu ya mkoba, kama daktari alivyoagiza. Mama aliangalia kiti, akaangalia kule nilipo bila kuniangalia, akavuta kitenge kikafunika upande wote wa uso uliokuwa wangu. Nikasikia pumzi yake ikienda kasi.

Nilimwita mhudumu. Kiingereza sina, nina vidole. Nikajionyesha mimi, nikaonyesha mbali. Akaitikia kwa kichwa kwa upole kabisa, akaniletea maji. Nikaonyesha tena. Akaniletea mengine. Kiti kitupu hakikuwapo, kwa sababu nusu ya nafasi ya chini ilikuwa imepewa mizigo na watu wote walikuwa wamebanwa kwenye nusu iliyobaki na huku juu. Niliyanywa maji yote kwa hasira. Na mimi nina sukari. Mwenye sukari ananielewa.

Halafu ndege haikuondoka. Tulikaa palepale chini, jua linapiga bati, milango imefungwa. Mhudumu alipita akieleza jambo kwa lugha zake, na mama mmoja wa Kikongo aliyekaa ng'ambo ya njia, mfanyabiashara wa vitenge, akatutafsiria kwa Kiswahili chake kwamba kule nyuma wanapanga mizigo upya, uzito umelalia upande mmoja. Hapo ningeweza kuwashukia na kuwafundisha, maana hata mbuzi ukiwaweka vibaya Fuso inayumba. Lakini nilikuwa dirishani. Ukutani kwangu kulikuwa na masanduku ya mizigo yaliyopangwa chini ya dirisha, mbele mgongo wa kiti cha mtu, kulia mama mkwe. Mimi ambaye nikisimama gulioni watu wanafungua njia, sikuwa na pa kuweka goti.

Tulipopaa nilidhani nitapata nafuu. Mawingu nilitazama kidogo, yakanitosha. Chakula kikaja, na hapo nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu tukae. Aliongea na kiti cha mbele.

"Kiti kimwambie mkwe wangu chakula kimefika."

"Dirisha limwambie mama nashukuru, sina njaa," nikasema.

Ningekulaje? Tungetafuna kwa pamoja, viwiko vinagusana. Nikageuza uso kioo kikanigusa pua, nikamwacha ale kwa amani. Alikula kidogo, mkate tu. Sahani yangu ikabaki imefunikwa mbele yangu, na meza yake ikazidi kunikandamiza tumbo, mahali ambapo kwa wakati huo sikuhitaji kukandamizwa.

Sasa nisikilize. Kumwomba mama mkwe asimame ni kumwomba mgonjwa wa moyo asimame ili nikafanye jambo ambalo mbele yake halina jina. Kuruka miguu yake ni kumzika. Kumwita mhudumu nimejaribu, analeta maji. Niliangalia yale masanduku ya ukutani. Yalikuwa bapa kwa juu, kama ubao. Nikawaza kwamba nikiyapanda kwa goti, nikatambaa hadi safu ya nyuma, nitatokea kwa vijana wa Kihindi waliokaa nyuma yetu, nao hawana haya na mimi. Nilifungua mkanda, nikainua meza, nikapandisha goti moja. Kiti cha mbele kikalala. Mwenyewe alikuwa anataka usingizi. Nikabanwa hivyo, goti juu, kichwa kimeinama chini ya dari iliyopinda, tumbo limeshikwa kati ya sanduku na mgongo wa kiti. Watoto wangu waliniuliza nilipowasimulia, baba ulifanyaje. Sikufanya kitu. Nilivuta pumzi ndogondogo mpaka yule bwana alipojigeuza, nikateleza kurudi chini kama gunia.

Mama mkwe aligeukia njia. Lakini kitenge kilikuwa kinatikisika, na sikujua ni kilio au ni nini.

Yule mama wa Kikongo alikuwa ameona yote.

"Papa, iko problemu gani?" akauliza. "Minaona uko unacheza na miguu tu."

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nataka kunyoosha viungo kidogo, lakini huyu ni mama mkwe wangu. Nilidhani neno hilo linatosha kwa kila mtu mweusi. Akaniangalia, akamwangalia mama, akainama kwenye njia na kumwambia kwa sauti ya sokoni, "Mama, uondoe miguu kidogo. Papa anataka kuenda kukojoa, anateseka."

Nilitamani ule mlango mkubwa wa mizigo ufunguke niingie nikae na farasi. Neno limeshasemwa. Limesemwa kwa Kiswahili, mbele yake, na jina langu la heshima ndani yake. Vijana wa nyuma hawakuelewa, lakini mimi nilijiona nimevuliwa nguo. Na kilichonitisha zaidi si aibu yangu. Nilimwona mama mkwe, kwa akili yangu, akishuka India na kukaa palepale uwanjani, akisema arudishwe. Nilimwona mke wangu akinipokea na maiti. Ningemwambia nini, kwamba mama yako amekufa kwa sababu nilitaka kukaa dirishani?

Mlio wa ndege ukawa mkubwa. Kisha mama mkwe akaongea na kiti cha mbele, polepole, akipumzika kati ya maneno.

"Kiti kimuulize mkwe wangu, jembe langu liko wapi."

Nikaliambia dirisha habari zote. Kwamba jembe lipo, na ng'ombe yupo, na spika nimeshaagiza, ni ile nyumba tu, ikiisha nitaijaza Kitahana watu mpaka barabarani. Nilieleza kwa kirefu, nikataja vigae.

"Kiti kimwambie," akasema, "nyumba yake haijaisha, na mimi ninaisha."

Nikaegemeza paji la uso kwenye dirisha.

Akaendelea na kiti. Alisema hajawahi kumwomba mkwe wake ghorofa. Alisema wakwe wa wenzake ni masikini, wameleta majembe yaliyotumika, na leo wanaingia jikoni kwa mama zao na kujipakulia. Yeye mkwe wake anasifiwa gulioni, na hajawahi kumsalimia. Kisha akanyamaza apate pumzi. Mama wa Kikongo alikuwa amekwishaacha kutafuna.

Nikaangalia sahani yangu iliyofunikwa. Siku hizo shirika lile lilikuwa bado linatoa vijiko vya chuma, vizito, vinavyong'aa. Nikakitoa kijiko kwenye karatasi yake, nikakifuta kwa shati. Mpini wake ni mrefu, na kichwa chake, ukikitazama kwa moyo mweupe, kina umbo la kulimia. Nikamwomba yule mama wa Kikongo awe shahidi, nikamweleza anachotakiwa kufanya, yaani kuona tu. Akasema, "Mi niko, papa. Ninaona." Akafuta mikono yake kwenye nguo kama mtu anayeingia kanisani.

Nikakishika kijiko kwa mikono miwili. Nikageuka kutoka dirishani. Ilikuwa mara ya kwanza kugeukia upande ule.

"Mama, jembe lako hili. Nimechelewa nalo."

Mkono ukatoka chini ya kitenge, umevimba vidole, ukalipokea. Alilipima uzito. Akaligonga kwenye chuma cha mkanda wa kiti kusikia kama ni chuma cha kweli, jinsi wanavyofanya gulioni na majembe. Kisha akanyanyua kikombe chake cha soda ya machungwa, akanywa, akanipa mimi. Na desturi ni kwamba mkwe haishii nusu. Anakunywa mpaka chombo kinapinduliwa. Nilikunywa. Nimebeba magunia ya mahindi mgongoni nikiwa kijana, nimelala chini ya Fuso porini, lakini kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufanya katika maisha yangu ni kumaliza kile kikombe.

Nilipokipindua, akafunua uso. Alikuwa anacheka. Kumbe muda wote ule wa goti na masanduku alikuwa anacheka, moyo wenyewe mbovu vile.

"Mwanangu," akasema, "pita ukakojoe."

Akakunja miguu yake yote miwili juu ya kiti kwa kuishika na mikono, mama wa Kikongo akaondoa mkoba, nikapita. Msalani kulikuwa na watu wanasubiri. Sitaki kuyakumbuka hayo.

Niliporudi nilidhani nimekuwa huru. Haya ilikuwa imeondoka, na nilikuwa sijajua ilikuwa inanikinga na nini. Mama alianza kuongea tulipokuwa juu ya bahari na hakunyamaza mpaka magurudumu yalipogusa chini India. Alikuwa na maneno ya miaka yote ile. Alisema nakoroma mpaka watoto wake wakija kulala kwetu wanasikia. Alisema kondakta wangu ni mwizi, na alikuwa sahihi, nilimfukuza baadaye. Alisema mke wangu hapendi vigae vile. Alisema nikikaa na watu natamka mimi, mimi, mimi kama mbuzi aliyeachwa na mama yake. Ningeenda wapi? Niliitikia tu ndiyo mama, ndiyo mama, na kioo cha dirisha kwenye kisogo.

Tuliposhuka walimpakia kwenye kiti cha magurudumu. Hakusema habari za kurudi. Kijiko alikuwa nacho kifuani, ndani ya kanga, na mhudumu aliyehesabu sahani yangu aliniangalia, nami nikamwangalia kama mtu mwenye maduka.

Hospitali walimpokea siku hiyohiyo. Asubuhi ya kupasuliwa wakamvika gauni la kijani, wakamwambia kwa ishara avue kila kitu chake. Nilisimama nje ya mlango, kwa mazoea, nimegeukia ukuta.

"Usisimame hapo kama mgeni," akasema. "Ingia ushike."

Nikaingia. Akavua kitenge kichwani, akanipa. Nilikuwa sijawahi kuona nywele zake. Zilikuwa nyeupe zote, zimekatwa fupi kama za mtoto wa shule. Wakamsukuma, milango ikajifunga yenyewe, na mimi nikabaki kwenye ukumbi ambao hakuna anayenijua, wala sikuwa na lugha ya kumwambia mtu mimi ni nani. Nilikaa na kile kitenge mapajani. Nilikikunja, nikakikunjua, nikakikunja. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama, hakuwa yeye, nikakaa.

Jioni ikaingia ndipo wakanipeleka kumwona. Alikuwa na mipira puani na macho mazito. Nilisogea mpaka kitandani, nikamshika mkono. Aliniangalia kwa muda kama anayenitafuta, akalamba midomo iliyokauka, na kwa sauti ya kukwaruza akaniuliza kama nimekula.